Kiwanja cha kando ya ziwa: muhuri wa komini hautoshi

BUJUMBURA – Mfanyabiashara wa Kigoma au Uvira anayetaka kujenga ghala mjini Bujumbura huvutiwa na viwanja vya karibu na bandari. Kabla ya kutoa hata faranga moja, aulize kwanza: ardhi hii ni ya nani?

Sheria ya Ardhi ya Burundi ya Agosti 9, 2011 inagawa ardhi ya serikali mafungu mawili. La kwanza ni mali ya matumizi ya umma, kama barabara na mito. Hiyo haiuzwi wala haikamatwi kwa deni, na hata mtu akiikalia miaka mingi haiwi yake. La pili ni ardhi binafsi ya serikali, ambayo mamlaka husika yaweza kuiuza au kuikodisha. Ardhi ya fungu la kwanza haiuziki mpaka iondolewe rasmi katika matumizi ya umma.

Ziwa Tanganyika lina kanuni yake: Sheria ya Maji ya 2012 imeufanya ukanda wa mita 150 kutoka ziwani kuwa mali ya umma.

Cheti cha ardhi cha komini huthibitisha haki za mwananchi juu ya ardhi yake. Hakigeuzi mali ya umma kuwa bidhaa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo haitoi njia ya mkato. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika 2010, imeliacha suala la ardhi kwa sheria za kila nchi. Mnunuzi adai kuonyeshwa uamuzi wa kuiondoa ardhi katika matumizi ya umma, kisha ahakiki hati kwa msajili wa hati za ardhi. Bila hayo, risiti aliyopewa ni karatasi tu.