Lazy Bones!!

Lazy Bones!! ni albamu ya tatu ya bendi ya WITCH kutoka Zambia, nchi inayopakana na Tanzania mjini Tunduma, mkoani Songwe. Ilitolewa mwaka 1975 na ina nyimbo kumi za zamrock, yaani muziki wa roki wa Zambia wa miaka ya 1970.

Msikilizaji aliyezoea magitaa ya rumba yanayoitikiana kwa sauti safi anaweza kudhani spika imepasuka. Mkwaruzo huo ni wa makusudi: sauti ya gitaa hupitishwa kwenye kifaa kiitwacho fuzi, ikatoka nene, ikivuma kama nyuki. Katika "Black Tears", wimbo wa kwanza, uzito unatokana pia na mwendo wa taratibu wa besi na ngoma. Inafaa kuusikiliza kwa sauti kubwa. Mwimbaji ni Emmanuel Chanda, maarufu kama Jagari, jina lililotokana na Mick Jagger wa Uingereza.

Rais Kenneth Kaunda alikuwa ameagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia, jambo lililozipa bendi nafasi. Lakini bei ya shaba, iliyosafirishwa kwa reli ya TAZARA kupitia Tunduma, ilianguka, na uchumi ukaporomoka. Baadaye UKIMWI uliua wanamuziki wengi wa zamrock. Kati ya wanabendi wa WITCH wa enzi hizo alibaki Chanda, aliyegeukia uchimbaji wa vito.

Albamu ilitolewa upya katika karne ya 21. Chanda alirudi jukwaani, na WITCH mpya ikatoa Zango mwaka 2023.