Je, Wajua? Kuku Hulala Jicho Moja Wazi!

Je, wajua kwamba kuku anaweza kulaza nusu ya ubongo huku nusu ya pili ikikesha? Jicho moja linafumba, la pili linapiga doria. Na si kuku mkubwa peke yake: hata kifaranga wa siku chache analiweza hilo!

Hujasikia la miguu. Kuku akichuchumaa juu ya ufito, uzito wa mwili wake unakunja miguu, na mguu ukikunjwa, kano iliyo nyuma inavuta vidole vyote vifumbe. Ukiwahi kuvuta ile kano ya mguu wa kuku aliyechinjwa ukaona vidole vikijikunja vyenyewe, basi mtambo huo unaujua tangu utotoni! Usingizi ukimlemea, ndivyo anavyozidi kung'ang'ania. Ndiyo maana humsikii akidondoka usiku.

Wajua kuku haoni gizani? Mchana anakushinda kwa mbali: wewe una aina 3 za chembe za kutambua rangi machoni, yeye ana 4, na mionzi ya urujuanimno usiyoiona wewe yeye anaiona. Lakini giza likiingia tu, kwisha! Ndiyo maana anawahi kupanda kabla ya saa moja usiku. Na ndiyo maana yule aliyekusumbua kumkimbiza mchana kutwa, usiku unamchukua kwa mkono mmoja.

Kuku wako anapanda mwembe badala ya kuingia bandani? Usimwite mkaidi! Babu yake ni kuku mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, na huyo hadi leo hulala mtini. Kupanda juu jua likizama ni urithi. Kazi yako ni kumwonyesha tu kwamba "juu" ni ndani ya banda.

Na kumwonyesha ni rahisi ajabu. Wafungie kuku wachanga bandani wiki nzima, chakula na maji mle mle. Kisha wafungulie kwa mara ya kwanza saa 11 jioni, giza likiwa karibu, wasipate muda wa kwenda mbali. Utashangaa: kiza kinashuka, nao hao wanarudi wenyewe! Wawili watatu wakibaki nje, wabebe, uwaweke juu ya ufito mmoja mmoja, vidole vishike kwanza ndipo uachie. Rudia jioni chache tu. Na kama ndani ya banda ni giza totoro kuliko uwanjani, ning'iniza taa kwa muda mfupi: kuku hufuata penye mwanga.

Wajua kwamba kifaranga huanza kurukia vitu akiwa na wiki 1 au 2 tu? Kufikia wiki ya 4 hadi ya 6 wengi wako tayari kulala juu. Aliyelelewa na mama hufundishwa na mama. Wa kitotoo hana wa kumfuata, kwa hiyo kundi linajirundika kwenye kona, na walio chini wanaweza kukosa hewa wakafa. Wawekee fito za chini mapema, tafadhali!

Tena fito hizo hunoa akili! Watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 2000 kwamba kuku walioanza kupata fito wakiwa na wiki 8 walishindwa zaidi kukifikia chakula kilichowekwa juu kuliko wenzao waliozikuta tangu mwanzo. Wiki nane tu za utotoni, na tofauti ilionekana ukubwani.

Ulaya wameliandikia sheria! Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1999 linataka kila kuku wa mayai apate sentimita 15 za ufito katika mabanda yasiyo ya vizimba. Piga hesabu: kuku 10, mita moja na nusu.

Na hawapandi ovyo. Wakubwa wa kundi huchukua fito za juu, wadogo hubaki chini, na kila jioni utasikia ugomvi wa nafasi.

Kuku anahisi mwanga kupitia fuvu, wajua? Kichwani ana tezi inayonasa mwanga bila msaada wa macho, na mwaka 1994 wanasayansi wa Japani waliitambua protini inayofanya kazi hiyo.

Wakati wewe unakoroma, yeye yuko kazini. Ganda la yai huchukua saa 20 hivi kutengenezwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku, mama akiwa kwenye ufito!

Ila angalia nyufa za fito hizo. Utitiri mwekundu hujificha humo mchana, usiku hutoka kunyonya damu, na kwenye baridi unaweza kuishi hadi miezi 9 bila kula. Miezi tisa!

Na je, nani huwika kwanza alfajiri? Watafiti wa Nagoya, Japani, waligundua kwamba ni jogoo mwenye cheo, kisha wengine hufuata kwa ngazi zao. Tena hawahitaji kuliona jua: hata wakiwekwa ndani kwenye mwanga hafifu usiobadilika, saa iliyo mwilini mwao huwaambia muda umefika.