Jino la Shangazi: wiki moja ya kupona Rohero

Ukurasa huu wa maisha ya nyumbani umezoea kuongea juu ya kuzuia meno yasioze: mswaki, sukari kidogo, na kadhalika. Leo tunaongea kitu ambacho wengi wetu hatuelezwi vizuri. Jino likishang'olewa, nyumbani mnafanya nini? Kung'oa ni kazi ya daktari, na mara nyingi kunachukua dakika chache tu. Kupona kunachukua siku nyingi, na hiyo kazi ni ya familia.

Mfano ninao hapa nyumbani. Shangazi yake mume wangu anaishi kambi ya Musasa, kule Ngozi. Gego lake la chini lilimsumbua miezi mingi. Alitafuna karafuu, akaweka aspirini juu ya ufizi mpaka ufizi ukaungua, akavumilia. Siku shavu lilipovimba mpaka jicho likawa dogo, ndo akapewa karatasi ya kutoka kambini aje Bujumbura. Siku saba, siyo nane.

Msifikiri sisi tunaokaa Rohero ni matajiri, jamani. Ni kweli mtaa huu una nyumba kubwa za zamani, zenye bustani, miembe na maparachichi, na barabara zenye kivuli. Lakini nyuma ya kila nyumba kubwa kuna boyeri, na sisi ndo tunakaa humo, maana mume wangu analinda lango. Mwenye nyumba ametuachia kipande cha ardhi nyuma ya jiko. Hapo tuna magunia ya mboga, paka mmoja anayeitwa Polisi, na dende sita wa watoto.

Shangazi alirudi kutoka kwa daktari wa meno akiwa ameng'ata kompresi, kile kitambaa cheupe cha hospitali. Unaking'ata kwa nguvu nusu saa mpaka saa nzima, bila kukitoa kila mara kuchungulia. Damu ikiendelea, unakunja kingine safi, unang'ata tena. Mate yenye rangi nyekundu siku ya kwanza yasiwatishe. Ila damu inayojaa mdomo na kukataa kukoma, hata baada ya kung'ata vizuri mara mbili, hiyo ni ya kurudi kwa daktari hata kama ni usiku.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Ndani ya shimo la jino damu inaganda, inakuwa donge. Donge lile ndo bandeji. Linafunika mfupa na mishipa, na nyama mpya inaota kutokea pale. Likitoka mapema, mfupa unabaki wazi, na maumivu yake, wanaoyajua wanasema afadhali jino lenyewe. Kwa hiyo masaa 24 ya kwanza husukutui, hutemi mate kwa nguvu, huchokonoi kwa kijiti wala kwa ulimi, na hunyonyi kitu chochote.

Hilo la kunyonya lina maana sana kwetu hapa Burundi. Daktari alipomwambia, «Mama, usitumie mrija,» Shangazi alicheka, akafikiri ni maneno ya watoto wenye juisi. Lakini fikirini: impeke, ile pombe ya mtama, watu wanazunguka chungu kimoja kila mtu na mrija wake. Hata bia ya chupa wengi wanainywa kwa mrija. Unaponyonya, mdomo unavuta kila kitu kilicho ndani, na donge linavutwa pia. Na pombe yenyewe haifai siku hizo, hasa ukiwa unameza dawa. Jirani alileta chupa kumpa pole mgonjwa. Tulimshukuru sana, chupa ikaenda kwa mume wangu.

Chakula hakikuwa shida. Siku ya kwanza ni uji wa sosoma uliopoa, maana kitu cha moto kinaamsha damu. Siku ya pili parachichi, ndizi mbivu, maharage yaliyopondwa. Ndagala tulikausha vizuri, tukasaga unga, tukachanganya kwenye sombe laini. Bugali alisubiri mpaka siku ya nne, akitafuna upande wa pili. Kuanzia siku ya pili anasukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko kidogo kwa glasi moja, kila baada ya kula. Kusukutua ni kuinamisha kichwa huku na huku, kisha maji unayaacha yaanguke yenyewe. Yale ya kuvimbisha mashavu kama mpiga tarumbeta, hapana. Meno mengine yanapigwa mswaki kama kawaida, kwa upole karibu na shimo.

Dawa ya maumivu ilikuwa parasetamoli. Mtu mzima anameza vidonge 2 vya miligramu 500, anasubiri angalau masaa manne mpaka sita, na havipiti 8 kwa siku nzima. Mwenye ugonjwa wa ini au mwenye kunywa pombe sana aulize kwanza. Ibuprofeni ni nzuri pia, lakini siyo kwa mwenye vidonda vya tumbo wala mjamzito, na inamezwa na chakula. Aspirini inafanya damu isigande, kwa hiyo iacheni. Kuna na ile tabia ya kufungua kidonge cha antibiotiki na kumwaga unga ndani ya shimo. Msiifanye. Unga ule hauponyeshi kitu, unachafua kidonda tu.

Shida yetu kubwa ilikuwa nyingine: kumkalisha Shangazi chini. Mwanamke aliyelima tangu utoto, ukimwambia pumzika siku mbili tatu bila jembe na bila kubeba ndoo, anaona umemfunga gerezani. Na kuinama, kulima, kubeba mzigo, vyote vinapeleka damu kichwani na kidonda kinaanza kutoa damu upya. Basi tukamwekea kiti kwenye kivuli, karibu na magunia, tukamwambia yeye ni msimamizi.

Alisimamia kweli. Magunia yetu tulikuwa tumeyajaza udongo mtupu, na maji yalikuwa yanabaki juu. Akawafundisha watoto upya. Chukua kopo lisilo na kitako, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze mawe madogo. Zunguusha udongo uliochanganywa na samadi mpaka ufike juu ya kopo, kisha vuta kopo taratibu, mawe yabaki. Weka tena juu yake, endelea mpaka gunia lijae. Ule mnara wa mawe ndo njia ya maji kufika chini. Pembeni unatoboa matundu, unapanda miche ya lengalenga, juu unaweka vitunguu. Lengalenga unaanza kuchuma baada ya wiki nne hivi, na ukikata vizuri inaota tena. Maji ya kuoshea mboga yanatosha kumwagilia, hata kiangazi cha Juni mpaka Agosti.

Samadi inatoka kwa dende. Wenzetu wa Kivu ya Kusini hawahitaji kuelezwa: dende analelewa jikoni, chini ya kitanda, anakula majani na maganda. Wakati wa vita wenye bunduki walichukua ng'ombe, wakachukua mbuzi, lakini dende mara nyingi walibaki, kwa kuwa nani atapiga magoti kuwatafuta? Jike anabeba mimba kama miezi miwili, na watoto wanazaliwa macho wazi, wana manyoya, na baada ya siku chache tayari wanaonja majani. Hawa wa kwetu watoto wamewapa majina, basi hawaliwi tena, imekuwa kesi ya familia.

Kijana wetu wa pili alisoma shuleni kwamba meno ya dende hayaachi kuota maisha yake yote, ndo maana lazima atafune nyasi kila siku kuyasaga. Akamwambia bibi yake: «Bibi, ungekuwa dende, lile jino lingerudi.» Shangazi akacheka mpaka akashika shavu. Kuna kitu kingine dende na binadamu wanafanana: wote hawawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Lazima itoke kwenye majani mabichi na matunda. Ikikosekana, fizi zinavuja damu na vidonda vinachelewa kufunga. Shangazi alikula mapapai laini, ila ndimu na mananasi tulimnyima siku hizo, yanachoma kidonda.

Siku ya tatu usiku maumivu yakarudi. Yalipanda mpaka sikioni, na mdomo ukaanza kunuka. Tukaangalia kwa tochi: shimo lilikuwa tupu, halina donge, unaona kitu cheupe chini. Mume wangu akamuuliza kwa heshima, «Shangazi, umetumia nini?» Akanyamaza. Kisha akafungua fundo la kitenge chake, akatoa ugoro.

Ugoro, sigara, tumbaku ya kutafuna, vyote vinafanya mishipa midogo ya damu ijikaze, na kidonda kinakosa damu ya kukiponya. Daktari alikuwa amemwambia. Lakini mtu aliyetumia ugoro miaka 30 hawezi kuacha kwa sababu ya sentensi moja. Mimi nadhani tunapaswa kulisema hili jambo bila kuwagombeza wazee: siku za kupona wanahitaji kitu kingine cha kushika mkononi.

Asubuhi tulimrudisha. Daktari alisafisha shimo kwa maji ya chumvi, akaweka dawa laini yenye harufu ya karafuu, na kabla ya saa sita mchana maumivu yalikuwa yamepungua. Alisema hali hiyo inatokea zaidi kwa magego ya chini, kati ya siku ya pili na ya tano, na haiui mtu. Kinachoua ni uozo unaoshuka shingoni. Kwa hiyo homa, uvimbe unaozidi baada ya siku ya tatu, mdomo kushindwa kufunguka, shida ya kumeza au kupumua: hapo hakuna kusubiri kesho, wala karatasi ya nani.

Tukiwa bado na meno, neno moja kwa wenye watoto wachanga. Mtoto akiharisha na kupata homa, kuna watu wanasema ana meno ya plastiki, wanayachimba kwa spoku ya baiskeli. Kile cheupe kwenye ufizi ni mbegu ya jino lake la utoto. Kukichimba kunaleta damu nyingi, pepopunda, na meno ya ukubwani yanaharibika. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya ORS, zinki na maziwa ya mama, na kupelekwa kituo cha afya.

Kitu cha kushika mkononi tulikipata kwenye sweta la mitumba lililotoboka viwiko. Shangazi alilifumua lote, akazungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, akauosha na kuuning'iniza na jiwe dogo chini ili unyooke. Polisi alifurahi kuliko wote. Hapa muangalie: paka akimeza uzi, unaweza kumfunga utumbo akafa. Ukiona uzi unatoka mdomoni au nyuma, usiuvute, mtafute daktari wa mifugo. Na mtoto akiumwa au kukwaruzwa na paka au mbwa, osheni kidonda dakika 15 kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha siku hiyo hiyo mwende kuuliza chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa ule ukishaonyesha dalili hauna dawa.

Mtauliza, nani anafuma sufu Bujumbura, mji wenye joto, mita 780 hivi tu juu ya bahari? Hatujifumii sisi. Kule juu, Musasa, Gasorwe, Bwagiriza, usiku wa Julai mnaujua wenyewe. Mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya siku zake, anapoteza joto jingi kwa kichwa. Huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 hospitali ilikosa mashine za kutosha za kupasha watoto joto, daktari Edgar Rey akaanza kuwafunga watoto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Leo inafanyika dunia nzima, na kofia ni sehemu yake.

Kila mkono ulipotafuta fundo la kitenge, ulikuta sindano. Ugoro hakuuacha kabisa, tusidanganyane. Lakini siku nne hakuugusa, na siku ya saba, alipopanda gari kurudi Ngozi, shimo lilikuwa limeanza kufunika rangi ya waridi. Ufizi utafunga kwa wiki tatu au nne, mfupa wa chini unachukua miezi. Alibeba mbegu za lengalenga kwenye karatasi, na kofia tatu.

Waliotaka kipimo chake, hiki hapa. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano namba 4, anza vitanzi 72. Fuma viwili vya mbele, viwili vya nyuma, sentimita 4, ili ukingo uvutike. Endelea kwa mfumo wa kawaida mpaka kofia ifike sentimita 13. Kisha unganisha vitanzi viwili viwili mstari mzima, fuma mstari mmoja bila kupunguza, unganisha tena, mpaka vibaki 9. Pitisha uzi ndani yake, kaza, shona pembeni. Usiweke kamba ya kufunga shingoni.