Asante ya mwali

Mama yangu hakuwahi kuuona mlango wa kumbi. Asubuhi na jioni alisonga ugali, akaufunika kwa kawa, akampa mjomba aupeleke porini nilikokuwa na wenzangu. Bakuli likirudi tupu, alijua mwanawe mzima. Msimu ule wa jando, hapa Lupaso, habari zangu alizisoma kwenye bakuli.

Siku ya kutoka tulinyolewa, tukapakwa mafuta, tukavishwa nguo mpya. Ndugu walikuja kututunza, huku ngoma zikitingisha uwanja. Jina la utoto nililiacha huko huko, na anayeniita kwalo leo ananivunjia heshima. Wazee walimlipa ngariba, wakamshukuru kungwi. Mimi niliinamisha kichwa tu, maana mwali hasemi. Mama alisimama upande wa pili wa uwanja akipiga vigelegele, nami sikumwambia neno.

Jambo hilo limenirudia tangu nilipoanza kusoma habari za Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, walioko Nabugoye karibu na Mbale. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, shujaa wa vita wa Kiganda, alishika Torati, akatahiriwa yeye na wanawe. Mtoto wao wa kiume hutahiriwa akiwa na siku 8 tu, kwa hiyo akifika miaka 13 hakuna kisu kinachomngoja. Kinachomngoja ni gombo. Atasimama mbele ya watu wazima asome Kiebrania, lugha asiyoizungumza nyumbani, na gombo lenyewe halina irabu! Mwalimu humkalisha miezi mingi kwa ajili ya kusoma huko. Kisha, kwa desturi ya Wayahudi popote walipo, kijana hueleza alichokisoma na kuwashukuru wazazi na walimu wake kwa kinywa chake mwenyewe.

Kwa Nabugoye shukrani hiyo ina uzito wa pekee. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao, wengi waliiacha, wachache wakasali kwa kujificha. Kijana anayemshukuru babu yake pale huenda anamshukuru mtu aliyeihatarisha roho yake ili sala isikatike. Ni mwaka 2008 tu ndipo mwenzao Gershom Sizomu alipopata daraja la rabi.

Sisemi jando letu limepungukiwa na mafunzo. Vincent Lucas, mmisionari wa Kianglikana aliyekuja kuwa askofu wa Masasi mwaka 1926, aliyathamini kiasi cha kuanzisha jando la Kikristo. Kama sala zilipata nafasi, asante ya mtoto itakosaje? Na kijiji kilichomtoa Benjamin Mkapa, aliyepita Ndanda, Kigonsera, Pugu na Makerere kabla ya Ikulu, kisha akarudi kuzikwa hapa Julai 2020, hakiwezi kumwogopa kijana anayesimama kusema.

Mwaka huu mjomba ni mimi. Mwana wa dada yangu yuko kumbini, nami ndiye ninayebeba bakuli. Juzi nilimfuata kungwi wake.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

Nikamweleza. Alinyamaza kitambo kirefu, akichora mchangani kwa kijiti.

“Aseme nini?”

“Amtaje mama yake. Awataje na nyie mliomfunza, na mwalimu wake wa shule.”

“Kabla ya ngoma,” akasema. “Ngoma zikianza hatasikika.”

Dada bado hajui. Jioni hii nimemkuta jikoni, ameshika mwiko, anauliza kama jana bakuli lilirudi tupu kweli, au mimi ndiye niliyelimaliza njiani.