Aplikesheni ya chakula cha bure ianze na simu aliyonayo mama

Wazo hili huwajia vijana wengi wa teknolojia katika miji ya Afrika Mashariki. Kuna familia zinalala njaa, na kuna chakula kinachotupwa. Kwa nini isitengenezwe aplikesheni ya kuonyesha chakula cha bure kinapatikana wapi, saa ngapi na kwa nani?

Msingi wa wazo ni wa kweli. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP), lenye makao makuu Nairobi, lilikadiria katika ripoti yake ya 2024 kwamba dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula mwaka 2022. Hiyo ni asilimia 19 ya chakula kilichowafikia walaji kupitia maduka, migahawa na majumbani. Mwaka huohuo watu wapatao milioni 783 walikuwa na njaa.

Chakula cha bure nacho kipo, hata huku kwetu. Msafiri wa barabara ya Nairobi hadi Mombasa anajua kwamba katika hekalu la Masingasinga la Makindu yeyote anayeingia hupewa chakula bila kuulizwa dini wala kabila. Mwezi wa Ramadhani misikiti mingi huandaa futari. Food Banking Kenya hukusanya mazao yaliyozidi mashambani na sokoni na kuyapeleka kwa wenye uhitaji. Kinachokosekana mara nyingi ni taarifa kumfikia anayehitaji kabla sufuria haijaisha.

Hapo ndipo mtengenezaji anapotakiwa kuwa mwangalifu. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aplikesheni nyingi za namna hii huchorwa na wenye shibe.

SIMU NI IPI?

Swali la kwanza ni simu iliyo mkononi mwa mlengwa. Watanzania wanaiita kitochi, Wakenya kabambe, Waganda katochi. Haina ramani wala duka la aplikesheni. Hata mwenye simu janja huenda hana bando, na siku aliyokosa pesa ya chakula ndiyo siku atakayokosa pesa ya bando.

Jibu la tatizo hili tunalo tayari. Tangu huduma za pesa kwa simu zilipoenea, mamilioni ya watu wa ukanda huu wamezoea kubonyeza nyota, namba na reli, kisha kuchagua kwenye orodha. Njia hiyo, yaani USSD, haihitaji intaneti. Ukurasa wake mmoja hubeba herufi 182 tu, kwa hiyo kila neno lipimwe. Uliza eneo, kisha siku, halafu toa jibu. Jibu litaje alama ambazo watu wanazijua: nyuma ya stendi, mkabala na zahanati, msikiti wa sokoni. Gharama ya kupiga msimbo ilipwe na mwenye huduma, si na mama anayetafuta uji.

Hata nchi tajiri zimegundua faida ya njia rahisi. Nchini Marekani, shule zinapofungwa majira ya joto, watoto wanaotegemea chakula cha shuleni hubaki bila mlo huo. Kampeni ya No Kid Hungry imewawekea wazazi huduma ya ujumbe mfupi. Mzazi hutuma neno moja, kwa Kiingereza au Kihispania, kwenda namba 304-304, na baada ya kutaja anapoishi anaelekezwa mahali pa karibu watoto wanapogawiwa chakula. Likizo za shule zetu nazo huacha pengo kama hilo kwa mtoto aliyezoea uji wa saa nne.

TAARIFA ILIYOCHACHA

Swali la pili ni ukweli wa taarifa. Fikiria mama aliyetembea kilomita tatu na watoto wawili, akafika na kukuta masufuria yanaoshwa. Hatarudi tena kwenye huduma hiyo, na majirani zake watasikia.

Kwa hiyo kila tangazo liwe na saa ya kufutika lenyewe. Anayegawa chakula naye arahisishiwe kazi. Mpishi mwenye mikono yenye unga hawezi kujaza fomu, lakini anaweza kubipu. Namba moja iwe ya kusema chakula kipo, nyingine ya kusema kimekwisha. Mfumo unatambua simu imetoka jiko gani na kubadilisha jibu papo hapo.

Chakula kilichopikwa kina hatari zake pia. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kinachosubiri kuliwa kibaki na moto wa zaidi ya nyuzi 60. Mfumo unaotangaza mabaki ya hoteli bila kuuliza yalipikwa lini unaweza kulisha watu leo na kuwapeleka hospitali kesho.

HESHIMA YA ANAYEKULA

Swali la tatu husahaulika zaidi: mtu ataonekanaje anapokwenda kuchukua? Wapo wanaoona heri kulala njaa kuliko kuonwa na jirani kwenye foleni ya maskini.

Kenya kuna somo zuri. Food4Education, iliyoanzishwa na Wawira Njiru mwaka 2012 huko Ruiru, hutumia mfumo wa Tap2Eat. Mzazi huweka pesa kwa simu, na mtoto hugusisha kibangili cha mkononi anapochukua chakula. Chini ya mpango wa Dishi na County, ulioanza Nairobi mwaka 2023, mzazi hulipa shilingi 5 tu za Kenya kwa mlo na serikali ya kaunti huchangia gharama. Si chakula cha bure kabisa, lakini foleni ni moja na bangili zinafanana. Mtoto aliye nyuma hawezi kujua nani nyumbani kwao kuna nini.

Mtengenezaji afuate njia hiyo. Asidai namba ya kitambulisho wala kipato kwa mtu anayeuliza tu uji uko wapi. Orodha ya familia zenye njaa, ikiwa na namba zao za simu, ni mali kwa mkopeshaji wa riba na kwa mwanasiasa. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda 2021 na Tanzania 2022. Hata hivyo, kinga iliyo bora ni kutokusanya usichokihitaji.

ANZA KIDOGO

Waanzilishi wa Olio ya Uingereza, Tessa Clarke na Saasha Celestial-One, hawakuanza na aplikesheni. Kabla ya kuizindua mwaka 2015 waliweka watu 12 wa mtaa mmoja wa London, wasiofahamiana, kwenye kundi la WhatsApp kwa wiki mbili, waone kama kweli watapeana chakula kilichozidi. Walipoona wanapeana, ndipo wakaendelea.

Kijana wa Temeke, Kibera au Kisenyi anaweza kufanya jaribio kama hilo kwa daftari na simu moja. Achague kata moja, aandike majiko yote yanayogawa chakula, siku na saa zake, kisha ajibu mwenyewe simu za wanaouliza kwa mwezi mzima. Atajua watu wanauliza nini, kwa maneno gani, na wanakata tamaa wapi. Orodha hiyo ikishanyooka, menyu yake ya Kiswahili itasomeka Mombasa, Kigoma na hata Bukavu bila kuandikwa upya. Kitakachobadilika ni majina ya majiko na saa zake, na hayo lazima kila mtaa uyakusanye wenyewe.