MAJANI YALIYOANGUKA NI MALI YA SHAMBA

Wanachama wetu,

Mwaka 1872 kimbunga kikali kilipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho. Leo magogo ya miti ile hayaonekani tena. Mengine yalitiwa motoni, na yaliyobaki chini yaliliwa polepole mpaka yakawa udongo. Walioyala ni nani? Hao ndio tutakao kuwaeleza katika toleo hili, maana wamo katika kila shamba letu, hawaombi ujira, nasi kila mwaka twawachoma moto pamoja na chakula chao.

Mwenye shaka na aende shambani asubuhi baada ya mvua, afukue majani kwa mkono chini ya mkarafuu. Juu atakuta majani makavu mazima. Chini yake atakuta majani yaliyotoboka, yameshikana kwa nyuzi nyeupe. Nyuzi hizo ni kuvu. Uyoga tuuonao ni tunda lake tu. Akifukua zaidi, jani halitambulikani tena, imebaki mboji nyeusi iliyo laini. Hapo atawaona jongoo, mchwa na nyungunyungu. Bakteria hatawaona kwa macho, nao ndio wengi kuliko wote. Jongoo na mchwa hukatakata, kuvu na bakteria huyeyusha, na nyungunyungu huchanganya na udongo. Mtaalamu wa Kiingereza, Charles Darwin, alitoa kitabu juu ya nyungunyungu mwaka 1881, akakadiria kuwa katika sehemu nyingi za Uingereza hupandisha juu zaidi ya tani 10 za udongo kwa mwaka katika kila eka.

Wako wasemao kuwa jani la mkarafuu halifai kuachwa kwa sababu lina mafuta makali. Ni kweli kuwa mafuta ya karafuu huzuia kuvu nyingi, lakini jani huoza vile vile, na lile tabaka la chini ndilo ushahidi.

Sasa na tutazame jani limejengwa kwa kitu gani. Maji na chumvi mti huvipata ardhini. Lakini karibu nusu ya uzito wa jani kavu, na wa kuni kavu pia, ni kaboni, nayo haikutoka ardhini. Mti huivuta kutoka katika hewa ya ukaa kwa nguvu ya jua. Jani likifa, viumbe waozeshao hulila, na katika kupumua kwao huirudisha hewa hiyo ilikotoka. Ila huirudisha kidogo kidogo, na sehemu yake hubaki katika mboji kwa miaka mingi. Moto hurudisha karibu yote kwa jioni moja.

Jambo hili si dogo, kwani udongo wa dunia una kaboni nyingi kuliko hewa na mimea yote ikiwekwa pamoja. Hewa ya ukaa ilipoanza kupimwa mfululizo kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa sehemu 315 hivi katika kila milioni. Mwaka 2024 ilipita 420. Sababu kubwa ni makaa ya mawe na mafuta yachomwayo duniani, wala si biwi la mkulima. Hatumlaumu mwanachama kwa hayo. Twasema tu kuwa hasara ya biwi humpata mwenye shamba kwanza.

Hasara yenyewe ni hii. Naitrojeni, chakula kikubwa cha mti, huenda zake na moshi. Chumvi zinazobaki katika majivu huchukuliwa na mvua za masika mpaka bondeni. Udongo uliovuliwa majani hukauka upesi wakati wa jua kali, na mizizi myembamba ya mkarafuu, iliyo karibu na uso wa ardhi, huungua. Kisha mwanachama huyo huyo huenda dukani kununua mbolea.

Twajua kuwa kabla ya msimu hapana budi kufagia chini ya mti, karafuu zinazoanguka zipate kuonekana. Basi fagieni, lakini majani yawekeni kando, na baada ya kuchuma yarudisheni chini ya mti, yakiwa mbali kidogo na shina. Magugu yaliyofyekwa yachanganyeni na samadi ndani ya shimo, tabaka kwa tabaka, mkilitia maji linapokauka.

Jambo moja msilisahau. Kuvu si zote zilazo kilichokufa. Ugonjwa wa mikarafuu kufa ghafla huletwa na kuvu iitwayo Valsa eugeniae, ambayo hushambulia mti ulio hai. Kwa hiyo mti uliokufa kwa ugonjwa msiuchanganye na mboji. Mwiteni bwana shamba autazame kwanza.

Wazee walisema akiba haiozi. Katika shamba la mikarafuu, akiba ni ile inayooza. Msimu huu kila mwanachama na aache mti mmoja bila kuchoma majani yake, na mwakani afukue chini yake, kisha afukue na chini ya jirani yake uliochomewa, apate kulinganisha. Inshallah atakayoyaona atueleze katika mkutano.

Katibu