Mzigo Wako Unapandia Wapi? Kuchagua Injini ya Pikapu

Wenye pikapu wanaoingia gereji yetu hapa Makambako huja wakiwa na jibu tayari. "Fundi, nitolee hii 2L, niwekee KZ." Mwingine ameshasimuliwa habari za D4D na shemeji yake na hataki kusikia kingine. Nami kila mmoja namuuliza swali lile lile: mzee wangu, mzigo wako unapandia wapi?

Mchukue mfanyabiashara wa viazi wa Njombe anayepeleka mzigo Dar es Salaam. Cha kwanza atakachokutajia ni Kitonga, na kwa ajili ya Kitonga anataka injini kubwa. Lakini viazi vya Dar vinaushuka mlima ule, haviupandi. Anayeupanda ni yeye wakati wa kurudi, gari likiwa tupu. Akishuka na lumbesa nyuma, kinachomlinda ni breki, tairi, na gia nzito aliyoiingiza kabla mteremko haujaanza. Mwenzake anayepakia mbolea hapa Makambako na kuipandisha Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, au anayevuka milima ya Lukumburu kwenda Songea na tani nzima, huyo ana hoja ya injini. Wote wawili wana Hilux ya aina moja, na ushauri wangu kwao haufanani.

Hata huyo mwenye hoja, kwanza nataka kujua injini yake ni ndogo au imechoka. Ikishapata moto, naiacha ikiunguruma, nafungua kifuniko cha kujazia oili na kukilaza kichwa chini juu ya tundu lake. Kwenye injini nzima kifuniko hutikisika kidogo tu na kutulia. Iliyokufa ringi hukirusha pembeni, na moshi hutoka tundu lile kwa kupumua. Halafu naizima, nafungua hita plagi zote, nakaza geji ya kompresheni kwenye tundu moja baada ya jingine, na kijana anapiga starta. Silinda zote nne zikisoma karibu sawa na kufikia kipimo cha kiwanda, injini hiyo haina kosa. Tutafute kwingine: nozeli zinazodondosha dizeli badala ya kuipuliza, chujio la hewa lililojaa vumbi, klachi inayoteleza, au breki ya nyuma inayokaba gurudumu siku nzima. Wapo wateja wangu walioondoka na 2L yao ile ile, nozeli zimepimwa na klachi imebadilishwa, na hawajarudi tena kuulizia KZ. Matengenezo hayo yanagharimu sehemu ndogo tu ya bei ya injini.

Ikithibitika kwamba lazima injini ibadilishwe, njia nyepesi ni kubaki kwenye ukoo wa L. 2L ina cc 2,446, 3L ina cc 2,779, na 5L ina cc 2,986. Zile za kawaida hazina turbo, na pampu zake za dizeli hazitegemei kompyuta; ukiona herufi E imeongezwa mwishoni, ujue pampu ni ya umeme, hiyo ni habari nyingine. Ukitoa 2L na kuweka 5L, maunti na giaboksi vinapokeana bila kuchomelea kitu. Spea zake zipo mpaka kwenye miji midogo, na fundi wa kijijini anaijua. Usitarajie mbio: 5L haifikishi nguvu farasi 100. Jambo la kuchunga ni taiming belti. Ibadilishe kila kilomita 100,000, na kama injini ni ya mtumba, ibadilishe kabla hujaiwasha hata mara moja, kwa sababu ikikatika safarini, valvu zinagonga pistoni na hasara inaanza upya.

Njia ya pili ni hiyo KZ wanayoiimba wengi. 1KZ-TE ina cc 2,982, yaani inapungukiwa na 5L kwa cc nne tu, lakini inatoa nguvu farasi kati ya 125 na 145 kutegemea toleo. Tofauti inaletwa na turbo, na sisi tunaoishi nyanda za juu tunaihisi zaidi kuliko watu wa pwani. Kila ukipanda mita 1,000, hewa inakuwa nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake. Makambako iko juu ya mita 1,600. Hapa gereji kwetu, kabla hujapakia hata gunia moja, 5L imeshapungukiwa na farasi kama 15. Turbo huisukumia injini hewa zaidi na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Udhaifu wa KZ ni joto. Silinda hedi yake ni ya aluminiamu, na gari likichemsha huku dereva akiendelea kulilazimisha afike sokoni, hedi hupasuka. Dalili zake nazijua kwa mbali: maji yanapungua na huoni panapovuja, na ukifungua rejeta asubuhi injini ikiwa ya baridi, kisha ukaiwasha, mapovu yanapanda mfululizo. Kwa hiyo siweki KZ kwenye rejeta ya 2L. Nadai rejeta yake kubwa, feni yake yenye klachi inayoshika, kava la feni lililo zima, na kulanti badala ya maji ya mtoni. Mteja akiniambia hayo tutayafanya mwezi ujao, namwomba na injini tuiweke mwezi ujao.

Njia ya tatu ni D4D, yaani 1KD-FTV. Ina cc 2,982 pia, lakini inafikisha nguvu farasi 163 na kuendelea, na kwa mzigo wa kawaida hula dizeli kwa kiasi. Siri yake ni presha. Nozeli ya 3L hufunguka kwenye bar mia moja na ushei. Mfumo wa 1KD unasukuma dizeli kwa zaidi ya bar 1,300, na kompyuta ndiyo inayoamua kila tone liingie lini. Kwenye presha hiyo, maji kidogo au vumbi lililoingia na dizeli ya madumu linatosha kuua nozeli, na nozeli zake ni za bei kali. Bila mashine ya kusoma kompyuta, fundi atabaki kubahatisha. Injini hii naiheshimu. Anayejaza mafuta kituo kinachoaminika, anayebadilisha chujio la dizeli kwa wakati na ambaye ana fundi wa umeme karibu atafurahi nayo miaka mingi.

Wengine huulizia 1HZ ya Land Cruiser, ile ya cc 4,164. Ni injini ngumu kweli, lakini ina silinda sita kwenye mstari mmoja. Ndani ya Hilux inakosa nafasi, inaelemea mbele, na inakulazimisha kukata na kuchomelea. Kwa fedha hizo, tafuta Land Cruiser yenyewe.

Unapokwenda Dar kununua injini ya mtumba, usinunue chuma kitupu. Kwa KZ na D4D, kontroli boksi, nyaya zake zote na kanyagio la mafuta kama ni la umeme vitoke gari lile lile. Weka spana kwenye bolti ya kranki, uizungushe kwa mkono mizunguko miwili kamili, isipokubali, iache. Dai risiti yenye namba ya injini, maana namba hiyo na ujazo wake vimeandikwa kwenye kadi ya gari, na mabadiliko lazima yafike TRA ili kadi irekebishwe. Kadi isiyolingana na injini itakusumbua kwa trafiki, kwa bima, na siku ya kuuza.

Nguvu ikiongezeka, breki nazo zipimwe. Gari lililokuwa likipanda kwa spidi ya 30 sasa linapanda kwa 60, na upande wa pili wa kilima litashuka na mzigo ule ule.

Ushauri wangu basi ni huu. Kama kazi yako ni shamba na soko, tani moja, barabara ya tope na fundi wa karibu ni wa kijijini, weka 5L. Kama unapandisha mzigo lami kila wiki na uko tayari kukagua maji kila asubuhi, weka KZ. Kama dizeli yako ni safi na akiba ya nozeli ipo, chukua D4D. Kama mzigo wako unashuka tu, fedha za injini zipeleke kwenye breki na tairi, na hiyo 2L tuipime kompresheni kwanza.